Ganzi ya mgongo au nusukaputi: Ipi salama kwa mama anayejifungua?

MAMA mjamzito anapoarifiwa kuwa atajifungua kwa upasuaji, aghalabu kinachomtia hofu si kisu bali sindano. Wapo wanaoomba walazwe kwa nusukaputi, wakiamini kuwa sindano ya mgongoni itawaachia maumivu ya kudumu au hata kuwapooza. Hata hivyo, ushahidi wa kitabibu unaelekea kwingine.

Ganzi ya mgongo hutiwa kwa sindano nyembamba, chini ya pale neva kuu ya mgongo inapokomea. Mama hufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini lakini hubaki macho, na dawa inayomfikia mtoto ni kidogo mno. Shinikizo la damu huweza kushuka ghafla, na baadhi ya akina mama huumwa na kichwa kwa siku kadhaa. Yote mawili hutibika. Kupooza hutokea kwa nadra sana.

Epidurali nayo hupitishwa kwa mrija mwembamba unaoachwa mgongoni, dawa ikiongezwa kidogo kidogo ili kutuliza uchungu wa uzazi. Huenda ikarefusha muda wa kusukuma mtoto, lakini tafiti hazijaonyesha kuwa huzidisha haja ya upasuaji wala maumivu ya mgongo ya muda mrefu.

Nusukaputi humlaza mama kabisa. Hatari yake kuu imo katika pumzi: ujauzito huvimbisha njia ya hewa, hivyo kuutia mrija wa kupumulia huwa kazi ngumu. Isitoshe, chakula huweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni, hatari iliyoelezwa na daktari Curtis Mendelson wa New York mwaka 1946.

Uchanganuzi wa tafiti kutoka nchi za mapato ya chini na ya wastani, uliochapishwa katika jarida la The Lancet Global Health mwaka 2016, ulionyesha kuwa uwezekano wa mama kufa ulikuwa takriban mara tatu zaidi kwa waliopewa nusukaputi kuliko waliochomwa sindano ya mgongo. Ni kweli kwamba wagonjwa mahututi ndio hupewa nusukaputi mara nyingi, jambo linalochangia tofauti hiyo.

Aidha, kuna nyakati ambapo nusukaputi ndiyo inayookoa maisha: mama anapovuja damu nyingi, damu yake isipoganda ipasavyo, au mtoto anapohitaji kutolewa kwa dakika chache.

Hakuna ganzi iliyo salama mikononi mwa asiyeifahamu. Kwa hivyo mama ana haki ya kuuliza ni nani atakayemtia dawa, na iwapo kuna oksijeni na kifaa cha kuipima mwilini. Naye ana wajibu: aseme ukweli kuhusu saa aliyokula, dawa anazotumia na magonjwa aliyonayo. Kuficha uji alioupata asubuhi kwaweza kumgharimu uhai.