Ambedkar, Kura Tatu na Sheikh Suleiman Takadir: Mjadala wa Uwakilishi Chini ya Mkoloni



Ndugu yetu mmoja wa Mitundu, Itigi, mkoani Singida, amesoma habari za Dk. Ambedkar wa India, aliyewadai Waingereza viti vya uwakilishi kwa ajili ya watu wa tabaka la chini. Anauliza: je, Tanganyika nayo ilipata kuwa na mjadala kama ule, na Waislamu walisimama wapi? Swali hili si la fatwa, ni la tarikh. Tumeona lijibiwe kwa urefu kwa sababu upande wake wa kwetu husimuliwa nusu nusu, na katika kusimuliwa huko kuna mtu mmoja amedhulumiwa.

Tuanze India, kisha turudi nyumbani.

Madalit ni wale ambao mfumo wa matabaka wa Kihindu uliwaita wasioguswa. Walizuiwa visima, mahekalu na mara nyingi hata darasa la watoto wengine. B. R. Ambedkar alizaliwa humo mwaka 1891, akasoma mpaka New York na London, na katika Mkutano wa Meza ya Duara uliofanyika London kati ya 1930 na 1932 akadai watu wake wapige kura peke yao na kumchagua mwakilishi wao wenyewe. Hakulibuni jambo hilo. Waislamu wa India walikuwa wamelipata tangu 1909, baada ya ujumbe wao kwenda Simla tarehe 1 Oktoba 1906 kuonana na Makamu wa Mfalme, ukiongozwa na Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah. Msomaji alishike jina hilo, tutakutana nalo tena Mombasa.

Agosti 1932 Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, aliwakubalia Madalit viti 71 vya kuchaguliwa na wao peke yao. Gandhi alikuwa gerezani Yerwada, mjini Poona. Aliona hatua hiyo itawakata Wahindu vipande viwili, na tarehe 20 Septemba akaanza kufunga mpaka kufa. Siku nne baadaye Ambedkar alitia saini Mapatano ya Poona. Viti vikaongezwa kutoka 71 hadi 148, zaidi ya mara mbili, lakini Wahindu wote watavipigia kura pamoja. Ukitazama hesabu utasema Ambedkar alishinda, ilhali mwenyewe hakuona hivyo. Mdalit atakayeketi kwenye kiti kile atakuwa amepitishwa na kura za walio wengi, na atawaangalia hao kabla ya kumwangalia Mdalit mwenzake. Na si Madalit wote waliokuwa upande wake, M. C. Rajah wa Madras alikuwa amekwisha kukubali kura ya pamoja yenye viti vilivyotengwa. Jogendra Nath Mandal wa Bengal alishika njia ya tatu kabisa: aliungana na Muslim League, akawa Waziri wa Sheria wa kwanza wa Pakistan mwaka 1947, kisha mwaka 1950 akajiuzulu kwa uchungu na kurudi India.

Basi swali lilikuwa na sehemu mbili: kiti kipo au hakipo, na kama kipo, nani anamchagua wa kukikalia. Tuje na sehemu hizo mbili Afrika Mashariki.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza waliingia 1945 kwa kuteuliwa na Gavana: Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Zanzibar ilingoja mpaka 1946 alipoteuliwa Sheikh Ameir Tajo, wakati Waarabu na Wahindi walikuwa na viti vyao tangu 1926. Kenya ilikuwa na lake la kushangaza zaidi: kabla ya Eliud Mathu kuteuliwa mwaka 1944, aliyehesabiwa kuwa msemaji wa Waafrika barazani alikuwa mmisionari wa Kizungu. Tena Kenya ndiyo iliyouiga mtindo wa India waziwazi, kwani mwanzoni mwa miaka ya 1950 daftari la wapiga kura wa Kiasia liligawanywa, Waislamu mbali na wasio Waislamu mbali.

Tanganyika haikugawa kwa dini. Iligawa kwa rangi. Chini ya Gavana Edward Twining viti vya wawakilishi katika baraza la 1955 vilikuwa 30: kumi vya Waafrika, kumi vya Waasia, kumi vya Wazungu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni nane, Wazungu kama elfu ishirini. Serikali iliuita huo usawa. Ulipokuja uchaguzi wa kwanza, wa 1958 na 1959, kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu, kimoja kwa kila rangi, na mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja katika kila rangi. Ukimchagua Mwafrika peke yake, kura yako imeharibika. Hiyo ndiyo kura tatu.

Kulikuwa pia na masharti ya mpiga kura. Ilitakiwa elimu ya kiwango fulani, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa na serikali. Pauni 150 ni shilingi 3,000 za wakati ule, yaani 250 kila mwezi. Mkulima wa Mitundu angezipata wapi? Nchi nzima walioandikishwa hawakufika elfu sitini.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua iingie au isusie. Wajumbe wengi walikuja kwa reli hii hii inayopita Manyoni na Itigi. Hasira ilikuwa kubwa, na wengi waliona kushiriki ni kukubali matusi. Mwalimu Nyerere alisimama kutetea kuingia: tukisusia, viti vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na Gavana, nasi tutabaki nje tukipiga kelele. Kura zilikuwa 37 dhidi ya 23. Zuberi Mtemvu alitoka na kuunda African National Congress. TANU ilishinda karibu kila mahali, pamoja na Waasia na Wazungu iliowaunga mkono, akiwemo Bi Sophia Mustafa wa Arusha.

Hapo ndipo linapoingia suala la Waislamu, na ndipo panapohitaji uangalifu.

Chama cha African Association kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, katibu wake alikuwa Kleist Sykes, ambaye mwaka 1933 alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya. Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa na kadi za TANU namba 3 na namba 2. Bi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake wa mjini kwa maelfu. Sheikh Hassan bin Ameir aliwataka Waislamu waunge mkono chama bila kukifanya cha dini. Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU alikuwa Sheikh Suleiman Takadir. Wapiganaji hawa wengi walikuwa na elimu ya chuoni, si ya shule. Tangu miaka ya 1920 serikali iliachia misheni sehemu kubwa ya elimu na kuzipa ruzuku, na mzazi Mwislamu aliogopa, kwa haki, kwamba mtoto ataingia Juma atoke John. Kwa hiyo sharti la elimu lilipowekwa, halikutaja dini ya mtu, lakini lilimgusa Mwislamu kuliko jirani yake, na zaidi lilimgusa yule aliyetaka kugombea.

Mwaka huo huo wa 1958 Sheikh Takadir alilisema jambo hili mbele ya viongozi wa chama. Kwa mujibu wa kumbukumbu alizozikusanya Mohamed Said katika kitabu chake cha maisha ya Abdulwahid Sykes, hofu yake ilikuwa kwamba waliobeba chama mabegani hawatakuwamo katika viti, na uhuru utakuja na madaraka kwa waliosomeshwa na misheni. Alifukuzwa TANU. Watu wa mtaani waliokuwa wakimbusu mkono walimtenga. Allah amrehemu.

Upande mwingine kulikuwa na All Muslim National Union of Tanganyika, AMNUT, ambamo alikuwamo Mashado Plantan, mwenye gazeti la Zuhra. Mwaka 1959 AMNUT iliomba uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wafikie wenzao kwa elimu. Waislamu wenyewe ndio waliolikataa ombi hilo, wakiwamo masheikh wa TANU. Na kwa maoni yangu walikuwa sahihi, kwa kuwa serikali iliyoacha pengo likue kwa miaka arobaini isingeliziba kwa kuongezewa mitano.

Dhuluma niliyoitaja mwanzo ni hii: mara nyingi Takadir na AMNUT hutiwa kapu moja, kana kwamba wote waliutaka ukoloni ubaki. Takadir hakuomba uhuru ungoje hata siku moja. Aliuliza, akiwa ndani ya chama na akiwa mwenyekiti wa wazee wake, nani atachaguliwa na kwa sharti gani. Hilo ni swali lile lile la Ambedkar baada ya Poona. Tofauti ni kwamba Ambedkar alijibiwa, hata kama kwa jibu asilolipenda. La Takadir lilihesabiwa kuwa fitna.

Ulinganisho huu una mpaka, na ni vizuri ndugu yetu aujue. Waislamu wa Tanganyika hawakuwa tabaka la wasioguswa. Hakuna aliyewazuia kisima, na walikuwa na machifu, matajiri na viongozi wa chama. Pengo lao lilikuwa la shule, si la nasaba. Na kutenga viti kwa dini kungeweza kutuletea yale yaliyoikuta India mwaka 1947. Viongozi wa TANU walikuwa na sababu ya kuogopa, isipokuwa kuogopa jibu moja si sababu ya kumfukuza aliyeuliza.

Na yule Aga Khan wa Simla? Ndiye aliyeanzisha East African Muslim Welfare Society mjini Mombasa mwaka 1945. Mtu aliyewaombea Waislamu wa India kura ya peke yao alipokuja kwetu alichangia fedha za kujenga misikiti na shule, maana shule ndiyo iliyokosekana. Jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania mwaka 1968, na mwaka huo Sheikh Hassan bin Ameir alikamatwa na kurudishwa Zanzibar.

Katika uchaguzi wa Agosti 1960 kura tatu haikuwapo tena, lakini katika viti 71 Waasia walitengewa 11 na Wazungu 10. TANU ilipata 70.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1958 wamebaki wachache. Kama huko Mitundu au Itigi yupo mzee aliyewaona wajumbe wakipita kwenda Tabora, au aliyejaribu kujiandikisha akakataliwa kwa sharti la kipato, ndugu yetu akae naye, aandike maneno yake na atutumie.

Wallaahu a'lam.