Mbegu za Urujuani wa Usambara

Miongoni mwa maua ya mwitu ya Afrika ya Mashariki, ni machache yaliyosafiri mbali kama urujuani wa Usambara. Ni mmea mfupi, wenye majani mazito yenye vinyweleo na maua ya zambarau yaliyozunguka kitovu cha manjano. Makao yake ya asili ni majabali yenye kivuli na unyevunyevu katika misitu ya mashariki ya Tanzania na ya kusini-mashariki ya Kenya. Leo hustawi katika vyungu vya madirishani huko Ulaya na Marekani, na wengi wanaoutunza hawajui asili yake. Habari ya safari hiyo yafaa kuchunguzwa, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalowahusu watu wa nchi ulikotoka.

Wenyeji wa milima hiyo waliliona ua hili kabla ya mgeni yeyote. Miongoni mwa wageni, Sir John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alipeleka vielelezo vyake katika bustani ya Kew mwaka 1884, na Padre W. E. Taylor akapeleka vingine mwaka 1887. Jina hili la pili si geni kwa wasomi wa Kiswahili: ndiye yule aliyekusanya tungo za Muyaka wa Mombasa, na aliyetoa kitabu cha methali za Waswahili mwaka 1891. Lakini vielelezo hivyo havikuwatosha wataalamu kuueleza mmea na kuupa jina. Tena mmea uliokaushwa katika karatasi, hata ukihifadhiwa vyema, hauzai.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliliona ua hilo, akampelekea mbegu baba yake, aliyekuwa mpenzi wa mimea. Mimea hiyo ikafika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen huko Hannover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha. Neno la kwanza ni ukoo wa Mjerumani. La pili, la Kiyunani, lamaanisha wenye maua kama urujuani. Basi heshima ya jina ikamwendea aliyepeleka mbegu, na Usambara ikabaki katika jina ambalo Wajerumani hulitumia nyumbani mwao. Mwaka 2015 wataalamu waliuweka mmea huu katika jamii ya Streptocarpus, na jina la mtawala yule likaondoka mahali pake pa kwanza.

Kampuni ya Ernst Benary ya mji wa Erfurt ndiyo iliyoanza kuuza mbegu hizo. Kuziotesha kwataka subira. Ni ndogo kama vumbi. Hazifukiwi, bali hunyunyizwa juu ya udongo laini wenye unyevu, kwa sababu huhitaji mwanga ili zichipue. Huchukua majuma mawili au matatu kuota, na miezi mingi kupita kabla ya ua la kwanza. Iko njia nyingine iliyo nyepesi: jani moja hukatwa pamoja na kikonyo chake, likachomekwa udongoni, nalo hutoa miche.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo kiini cha habari yote. Mche utokao katika jani kwa kawaida ni mama yule yule aliyerudiwa. Mche utokao katika mbegu una urithi wa wazazi wawili, na kila mmoja waweza kuwa na umbo lake. Mwaka 1926 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche mingi, ikachagua aina kumi, mojawapo ikiitwa Blue Boy. Aina hizo zikaenezwa kwa majani nyumba hata nyumba. Mara moja moja jani lilileta badiliko lisilotazamiwa, likawa chanzo cha rangi au umbo jipya; hata hivyo msingi wa biashara hiyo kubwa ulikuwa mwembamba. Wapenzi wa ua hili huko Marekani waliunda chama chao mwaka 1946.

Kwa hiyo, ijapokuwa vyungu vya dunia vimejaa urujuani, hazina ya urithi wake haimo vyunguni. Imo katika majabali ya Usambara, Nguru, Uluguru na vilima vya pwani, ambako kila bonde laweza kuwa na umbo lake. Aina nyingine humea mahali pachache mno. Mti mkubwa ukikatwa, jua hulipiga jabali, ukungu hukauka na mmea hufa, wala hakuna jani la dirishani litakalorudisha kilichopotea. Hifadhi ya Asili ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, hulinda sehemu tu ya makao hayo.

Jambo hili haliwahusu watu wa Tanga peke yao. Mtu aliyeko Mkuza, Kibaha, hayuko mbali na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi katika wilaya ya Kisarawe. Humo mna mimea isiyopatikana penginepo duniani, na miaka mingi misitu hiyo imekatwa kwa ajili ya makaa yanayouzwa Dar es Salaam. Hakuna aliyeiletea sifa kama ya urujuani, lakini hatari ni ile ile. Kitalu cha shule kikiotesha mbegu za maua ya msitu wa jirani, zilizookotwa kwa kiasi na kwa idhini, kitakuwa kimeanza kazi ambayo mwaka 1892 ilifanywa na mgeni kwa faida ya nchi za mbali. Lakini kitalu hakichukui nafasi ya msitu. Mbegu hutoka kwa mama, na mama wa maua haya yungali juu ya jabali, chini ya kivuli ambacho binadamu anaweza kukiacha au kukikata.