Njia ya Kome Kupitia Suez

Mwaka 1866, Mfereji wa Suez ukiwa bado unachimbwa, lilipatikana jangwani jiwe la itale la rangi ya waridi, kilomita 30 hivi kutoka mji wa Suez. Lilichongwa kwa amri ya Dario wa Kwanza, mfalme wa Waajemi, zaidi ya miaka 2,300 kabla ya hapo. Maandishi yake yanatangaza kwamba mfalme aliamuru mfereji uchimbwe kutoka Mto Naili hadi kwenye bahari itokayo Uajemi, na kwamba meli zilipita. Kwa nahodha, Ferdinand de Lesseps, mwongozaji wa uchimbaji huo mpya, alikuwa anarudia kazi ya kale. Kwa kome aliyeng'ang'ania mwamba wa Ghuba ya Suez, mifereji hiyo miwili haikuwa na undugu wowote.

Kome mkubwa haendi popote. Anayesafiri ni mtoto wake: mbegu na mayai humwagwa majini, na viluwiluwi huelea na mkondo hadi vipate kitu kigumu cha kushika. Hivyo ndivyo jeni za pwani moja zinavyofika pwani nyingine. Sasa, mfereji wa Dario ulijazwa na Naili, yaani maji baridi, na kiluwiluwi wa baharini hawezi kuyavumilia. Hali ilikuwa hiyohiyo Amr bin Al-As alipoufukua tena mfereji wa kale katika karne ya 7, zama za Khalifa Umar, ili nafaka ya Misri ifike Hijaz kupitia bandari ya Qulzum. Karne moja baadaye Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas akauziba kwa sababu za kisiasa. Watu walipita humo, ngano ikapita, lakini kwa viumbe wa baharini zilibaki bahari mbili. Panama, iliyofunguliwa mwaka 1914, inafanana zaidi na mfereji wa Dario kuliko wa Lesseps: katikati yake kuna Ziwa Gatun la maji baridi, mita 26 hivi juu ya bahari, na viumbe wengi wa chumvi hukwama hapo.

Lesseps hakuweka lango hata moja. Novemba 17, 1869 maji ya Bahari ya Shamu na ya Mediterania yaliunganishwa kwa mtaro wa kilomita 164 wenye kina cha mita 8 tu. Kwetu Afrika Mashariki mabadiliko hayo yalionekana kwa meli za moshi; kufikia mwaka 1872 kampuni ya British India ilikuwa ikipeleka barua Zanzibar kupitia Aden. Wanyama walikawia zaidi, na chanzo cha kukawia ni kituo cha katikati ya safari.

Maziwa Machungu, kabla ya mfereji, yalikuwa bonde kavu lenye tabaka la chumvi lenye unene wa mita zipatazo 13. Maji yalipoingia, chumvi ile ilianza kuyeyuka, na ziwa likawa na chumvi kali kuliko bahari zote mbili. Aliyetoka Bahari ya Shamu alikutana na ukuta usioonekana. Ukuta huo haukubomolewa na mtu. Uliyeyuka polepole kwa miongo mingi, kila mwaka ukimruhusu mgeni mwingine. Conrad Keller, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi, aliandika kuhusu wasafiri wa mwanzo mwaka 1882. Msafara wa Cambridge chini ya Munro Fox ulikwenda kuwahesabu mwaka 1924. Safari za wanyama kwa jumla zilielekea kaskazini: kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya Suez husimama juu kidogo kuliko ya Port Said, na mgeni kutoka upande wenye joto na chumvi hakuona taabu upande wa pili. Waliokwenda kusini ni wachache mno.

Lakini maji pekee hayatoshi. Pwani ya delta ya Naili ni mchanga na tope, na kome hashiki tope. Port Said haikuwa na mwamba, kwa hiyo wahandisi waliutengeneza: kuta za kukinga bandari zilijengwa kwa matofali makubwa ya chokaa na mchanga, kila moja tani 20 hivi, yakatupwa baharini kwa maelfu. Mwaka 1876 Theodor Fuchs, mwanajiolojia wa Austria, alipoupitia mfereji, kome mdogo wa Bahari ya Shamu, Brachidontes pharaonis, alikuwa tayari Port Said. Miaka saba tu! Ninapoutazama mwaka huo, naona ukuta wa bandari umefanya kazi sawa na mfereji wenyewe: mmoja ulifungua njia, mwingine ukaandaa makao.

Pazia la mwisho lilikuwa Naili. Kila mafuriko, maji baridi yalimwagika mbele ya mlango wa kaskazini. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuzuia maji mwaka 1964, pazia hilo likaondoka. Kome yule amekwisha kutapakaa kwenye miamba ya Israeli, akimsukuma kome mdogo wa asili, na yuko hadi kwenye mashamba ya chumvi ya Sicily magharibi.

Hadi hapo masimulizi ni manyoofu: mlango ukafunguka, mgeni akaingia. Jeni zinasema jambo lenye mikunjo zaidi. Mwaka 2004 Shefer na wenzake walichapisha uchunguzi wa DNA ya kome huyu pande zote mbili. Kama waanzilishi wachache tu ndio waliovuka, tungetarajia wajukuu wa Mediterania wawe na aina chache za jeni. Badala yake walikuta mchanganyiko mkubwa kiasi cha kufuta mpangilio wa hatua kwa hatua kati ya Mediterania, Ghuba ya Suez na kaskazini ya Bahari ya Shamu, pamoja na koo mbili zilizoachana na aina za pekee zisizojulikana zilikotoka. Walipendekeza kwamba ama koo hizo zilikutana tangu zamani, ama binadamu anaendelea kuwabeba, au yote mawili. Kwa hiyo sehemu za chini za meli nazo zimo katika hesabu, na kumpa Lesseps sifa yote, kama linavyofanya jina “Lessepsia” wanaloitwa wahamiaji wa mfereji, ni kurahisisha mno.

Kuhusu kuta za kujengwa, Bahari ya Adria inatoa upande mwingine. Pwani ya Italia ya kaskazini mashariki ni mchanga kwa mamia ya kilomita, na katika karne ya 20 ilijengewa kuta za mawe za kuvunja mawimbi. Konokono wa mwambani, Patella caerulea, alizipanda akavuka eneo ambalo zamani lilikuwa jangwa kwake. Fauvelot na wenzake, mwaka 2009, walionyesha kwamba makundi ya kwenye kuta yana utofauti mdogo wa jeni kuliko yale ya miamba ya asili. Ukuta uliunganisha pwani, lakini ulipitisha sehemu tu ya urithi.

Mfereji wenyewe unaendelea kukua. Mwaka 2015 Misri ilifungua njia ya pili ya kilomita 35, na kina sasa ni mita 24. Baadhi ya wanabiolojia wamependekeza chumvi irudishwe Maziwa Machungu, kwa kumwaga humo maji ya chumvi kali yanayobaki kwenye mitambo ya kusafisha maji ya bahari. Huenda ikawazuia wageni wapya. Kwa kome wa Sicily haitabadilisha lolote; kizazi chake hakihitaji tena kupita Suez.