Herufi thelathini za jina

Aliyenunua santuri zamani alipewa na gamba lake, na juu ya gamba aliwakuta bendi, mwimbaji na mtunzi. Faili la MP3 halina gamba. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walioipa faili hiyo jina lake la herufi tatu Julai 1995, walihangaika na sauti tu: namna ya kuibana bila sikio kung'amua. Nani anaimba, hilo halikuwa kazi yao.

Mwaka 1996 bwana mmoja, Eric Kemp, alilibandika faili hilo lebo mkiani. Ikaitwa ID3, baiti 128 tu. Jina la wimbo lilipewa nafasi 30, msanii 30, albamu 30, mwaka 4, maelezo 30, na nafasi moja ya namba ya aina ya muziki. Iliwekwa mkiani ili programu zisizoijua zisibabaike. Sisi watu wa redio tunaiona kasoro yake mara moja: muziki ukirushwa kwa intaneti, jina linafika wimbo umekwisha!

Sasa chukua bendi iliyotamba Dar es Salaam miaka ya 1980, International Orchestra Safari Sound. Hesabu herufi pamoja na nafasi: ni 36. Lebo inakata kwenye 30, na kinachobaki ni "International Orchestra Safari". Sound imekwenda na maji. Aidha, orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80 za muziki. Polka imo, rege imo, hata rap ya Kikristo imo. Taarab haimo, wala benga. Lilikuwapo fungu moja, namba 48, la "muziki wa kikabila", na bila shaka wengi walitupwa humo.

Lakini kubwa kuliko yote, lebo ile haikuwa na nafasi ya mtunzi. Katika muziki wetu wa dansi anayetunga si lazima awe ndiye anayeimba, na nyimbo nyingi zimezagaa zikiwa na jina la bendi peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, inamtambua mtunzi. Faili halimtambui. Mirabaha italipwa kwa nani?

Dawa ilipatikana 1998. Martin Nilsson wa Sweden na wenzake walitoa ID3 ya pili, inayokaa kichwani mwa faili, yenye nafasi ya mtunzi, ya picha ya gamba, hata ya maneno ya wimbo. Hata hivyo ya kwanza haikufa. Faili moja laweza kuwa na lebo mbili, ya kichwani ikisema hivi na ya mkiani ikisema vile, na kila programu ikasoma inayoijua.

Kisha yakaja mafaili mengine, kila moja na lugha yake. Mtunzi katika ID3 ya pili huandikwa TCOM. Katika FLAC, iliyotoka 2001, huandikwa neno zima la Kiingereza, COMPOSER. Apple nao wana alama yao. Wimbo unapohamishwa kutoka muundo mmoja kwenda mwingine, programu ndiyo mkalimani, na mkalimani mvivu huruka asichokielewa. Sauti inafika salama, jina linabaki njiani.

Ndiyo maana zoezi la kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta linatia wasiwasi. Ndani ya boksi la kanda mara nyingi kuna karatasi iliyoandikwa kwa mkono: bendi, mtunzi, tarehe ya kurekodi. Fundi akinakili sauti na kuliita faili "wimbo namba 7", karatasi ile ndiyo shahidi pekee, na mchwa hawaijui thamani yake. Inakiliwe kwanza, yote, kwenye daftari lililo nje ya faili. Pale karatasi ilipopotea, wapo wapiga magitaa wa enzi hizo walio hai, na wengine wao wanakaa hapa hapa mjini. Waulizwe sasa.