Lugha za Shule Katika Mpaka wa Tunduma

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa Julai 1890 ulichora mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ukawaacha Wanyamwanga wa eneo la Tunduma wakiwa pande zote mbili. Tangu hapo, watoto wa ukoo mmoja walisomeshwa kwa njia tofauti.

Upande wa kusini, wamisionari wa Kiskoti wa misheni ya Livingstonia walifungua kituo cha Mwenzo katika miaka ya 1890. Kaskazini, Wamoraviani walianza kazi Mbozi mwaka 1899, ambako Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha, lugha ya wenyeji wa huko, na kukitumia katika maandiko ya dini.

Uhuru ulizidisha tofauti. Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967. Zambia iliegemea Kiingereza, huku Kibemba kikisikika Nakonde, mji wa Zambia unaopakana na Tunduma. Kinyamwanga, lugha inayowaunganisha majirani hao, hakikupewa nafasi ya kufundishia katika mfumo wa taifa lolote.

Reli ya TAZARA kati ya Tanzania na Zambia, iliyokabidhiwa mwaka 1976, na barabara kuu ya kwenda Zambia zilizidisha biashara, na soko likafundisha yale ambayo shule haikufundisha. Wabadilisha fedha wa Tunduma hushughulika na kwacha na shilingi, wakitumia lugha zaidi ya moja. Mwaka 2019, Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), na kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kikazinduliwa.