Wanafunzi Waliotumwa kwa Wazee

Vijana wangu wa twisheni huja wakiwa wameshakariri Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani: 1905 hadi 1907, sababu, matokeo. Mtihani wa kidato cha nne unawadai hivyo, siwalaumu. Lakini kabla hawajaandika hata aya moja, huwasimulia jinsi habari hizo zilivyofika kitabuni.

Kwa miaka mingi maandishi mengi ya vita hivyo yalikuwa ya Wajerumani. Gavana von Götzen, aliyesimamia kuvizima, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Mmatumbi aliyeng'oa pamba na kuvianzisha vita hivyo hakuwa na pa kusemea. Baada ya uhuru, idara ya historia pale chuo kikuu, Dar es Salaam, chini ya Terence Ranger, ikaona wazee waulizwe wenyewe. Mwaka 1968 wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe wakawatia wanafunzi wa chuo katika kazi hiyo. Kijana alikwenda Songea, Njombe au kwingineko, akamtafuta aliyeviona vita kwa macho yake. Haraka ilikuwapo: aliyepigana akiwa na miaka 20 sasa alikuwa na 83. Kijana akauliza, akasikiliza, akaandika jina la mzee na kijiji chake. Ripoti zile zikapewa namba, na wanahistoria wanazitaja mpaka leo.

Gwassa mwenyewe alikuwa amekaa sana na wazee wa Umatumbi. Walimweleza shamba la pamba la kulazimishwa, msimamizi na kiboko chake, ujira mdogo mno. Walimweleza Kinjikitile wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa na kuwataka wasubiri amri ya kuanza vita. Subira ikawaishia. Mwishoni mwa Julai 1905, pale Nandete, wakang'oa pamba kabla amri haijatoka. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wote: watu wa Nandete waliamua wenyewe, na tunalijua hilo kwa kuwa kuna aliyekwenda kuwauliza.

Mashahidi wa Maji Maji hawapo tena. Waliohamishwa na serikali kwenda vijiji vipya kwenye Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, bado wapo, tena majumbani mwa wanafunzi wangu. Kwa hiyo huwatuma kwa babu na bibi zao.

Binti mmoja wa kidato cha tatu aliniletea sentensi hii: "Wananchi walihamishwa ili wapate maendeleo." Nikamrudishia daftari. Nani alihamishwa? Mwezi gani? Alibeba nini? Wiki iliyofuata akaandika kwamba babu yake alihamishwa mahindi yakiwa yanabeba shambani, wakaezua paa ili miti ikajengee kule wanakokwenda, na kwamba mpaka leo babu huyo anakisifu kisima na shule walivyovikuta baadaye. Aliyaweka yote mawili, hasara na kisima, bila kulifuta moja kwa ajili ya jingine. Nilimpa alama zake, nikamtaka aongeze jina la kijiji cha zamani na tarehe aliyozungumza na babu.