Ndege Ametua, Ndege Imetua

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya usafiri wa anga jijini Nairobi, Wilson Airways. Katika miaka ya 1930 ndege zake zilipeleka abiria na mifuko ya barua Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Mojawapo ilikuwa de Havilland Dragon Rapide, ya injini mbili, na ndiyo ninayotaka kuitafutia maneno yake.

Kiswahili kiliipa mashine jina la kiumbe, ila sarufi haikuchanganyikiwa. Ndege ametua mtini. Ndege imetua uwanjani. Silabi moja inatosha kutenga chenye roho na kisicho na roho, nami sijui utani wa lugha unaonipendeza kuliko huo.

Mabawa na mkia, basi, ni vya ndege wa porini. Vingine vingi vimetoka baharini: abiria, shehena, usukani, hata rafadha, iliyosukuma meli kabla ya kupanda angani. Na rubani. Chomboni, amri ni ya nahodha. Rubani ni mjuzi wa njia, anayekipitisha chombo salama penye miamba. Ndani ya Rapide kiti cha kuendeshea kilikuwa kimoja tu, puani kabisa, na aliyekikalia alikuwa vyote viwili. Tukamwita rubani. Naona tulichagua vizuri, maana abiria aliyekaa nyuma yake alitegemea zaidi ujuzi wake wa njia kuliko amri zake.

Tunapokwama ni kwenye umbo lenyewe. Wengine husema “ndege ya mabawa mawili”, jina lisilobainisha kitu, kwani ni ndege gani isiyo na mabawa mawili? Rapide ilikuwa na jozi mbili, moja juu ya nyingine, zimeshikwa kwa nguzo na nyaya. Tunasema basi la ghorofa na kila mtu anaelewa; ndege ya mabawa ya ghorofa ingeeleweka vilevile.

Bawa hilo lilikuwa la mbao, likavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Chini ya kitambaa zilijipanga mbavu nyembamba za mti. Fundi wa majahazi wa Lamu angezitazama akaziita mataruma, na mimi ningeliandika neno hilo kwenye kamusi ya urubani leo hii.